Programu ya Kumchunga Chiriku

Waliomwita Chiriku hawakukosea, maana tangu alipoanza kusema alikuwa hanyamazi. Akirudi kutoka shuleni hutua mkoba, akakaa juu ya majora ya kitambaa na kummwagia mama yake siku nzima: nani kanuniana na nani, mwalimu gani kavaa soksi mbili tofauti. Mama yake, fundi wa mapazia, alishona huku akisikiliza, na mapindo yalinyooka vilevile.

Kisha Chiriku akatimiza miaka kumi na minne, akarithi simu ya zamani ya mama yake, na masimulizi yakakauka. Sasa alicheka peke yake chumbani. Fundi akisogea mlangoni, kimya.

"Hapo pana jambo," alimwambia mdogo wake wa kiume, muuza simu. "Mtu hafungi mlango ili acheke bure."

Mjomba mtu akamweleza habari za programu tatu. Ya kwanza inaonyesha mtoto yuko wapi, basi. Ya pili inafunga simu saa za masomo. Ya tatu inafanya yote hayo, na kila jioni inaleta ripoti: kaandikiana na nani, katafuta nini.

"Sasa dada, unataka kumlinda au kumchungulia?"

"Nataka kulala usingizi."

"Basi ya kwanza inakutosha. Na umwambie."

"Nikimwambia si ataficha?"

Akachagua ya tatu. Huyu ni mtu anayepima dirisha mara mbili kabla ya kugusa mkasi. Lakini siku hiyo, Chiriku akiwa bafuni, alishika simu mbili, moja mkono huu na moja mkono huu, akabonyeza kubali, kubali, kubali, bila kusoma hata mstari mmoja. Maji yaliponyamaza, simu ya mtoto ilikuwa imesharudi kitandani. Jioni akaisubiri ripoti. Haikuja. Akajisemea labda inaanza kesho.

Kesho yake, shule zikiwa zimefungwa kwa likizo, saa nne kamili asubuhi, simu ya fundi ikajifunga yenyewe. Kwenye kioo pakaandikwa: Sasa ni muda wa masomo. Soma kwa bidii, tutaonana saa nane.

Fundi akaibonyeza huku na huku, wapi. Daktari mmoja wa meno alitaka picha za vitambaa kabla ya saa sita, madirisha tisa ya kliniki, la sivyo kazi atampa fundi mwingine. Picha zilikuwa humo, na namba ya daktari humo humo. Akatoka mbio hadi dukani kwa mdogo wake.

Mjomba akaitazama simu, akacheka mpaka akafuta machozi. "Hii programu inasoma umri kwenye akaunti. Yako nani alikufungulia?"

"Chiriku."

"Basi kwa uvivu aliandika tarehe yake ya kuzaliwa. Na simu aliyorithi bado ina akaunti yako wewe. Kwa hiyo mtoto ni wewe, dada. Mzazi wako yuko nyumbani anaosha vyombo."

"Ifungue."

"Inafunguliwa kwenye simu ya mzazi tu. Bonyeza hapa, Omba muda."

Fundi akarudi nyumbani polepole kuliko alivyokwenda. Kubonyeza ni kukiri, na akishakiri, huyo mtoto atamwambia nini tena maishani? Alikaa kwenye cherehani, akatazama saa ya ukutani. Ilipofika saa tano na nusu akabonyeza. Pakatokea neno Sababu. Akaandika: Kazi.

Huko jikoni kitu kikalia. Chiriku akaja na simu, mikono imelowa povu.

"Mtoto wangu anaomba muda," alisema, uso mkavu. "Kazi gani hiyo?"

"Chiriku, mimi ni mama yako."

"Humu imeandikwa vingine."

Fundi akakunja tepu yake, akaikunjua. "Niliiweka mimi. Jana, ulipokuwa unaoga. Nilitaka kusoma mambo yako bila wewe kujua."

"Najua. Ripoti yako ililetwa jana jioni." Akasoma: "Mtoto wako ametafuta: mtoto kucheka na simu peke yake ni dalili ya nini. Mara nne, mama."

"Na ukanyamaza?"

"Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe."

Akabonyeza, simu ya mama ikafunguka. Picha zikaenda kwa daktari zikiwa zimebaki dakika kumi.

"Ungeuliza tu," Chiriku akasema.

"Nikisogea unanyamaza."

Chiriku akavuta kiti. Wakaifuta ile ya tatu, wakaweka ya kwanza, safari hii Chiriku akisoma kila mstari kwa sauti na mama akiuliza maana yake. Wakaiweka ionyeshe pande zote mbili.

"Na wewe pia," Chiriku alisema. "Ukienda kupima madirisha hupokei simu."

"Sawa. Sasa nauliza. Kinakuchekesha nini?"

Chiriku akasita, akafungua video. Kuku kapanda kwenye meza ya mwalimu, anageuza shingo huku na huku, na juu yake wamebandika sauti ya mwalimu wa hesabu akisema, "Nani hajaelewa?" Darasa zima lilikuwa likiizungusha wiki ya tatu sasa. Fundi akaitazama mpaka mwisho.

"Kinachochekesha hapo ni kipi?"

"Ndiyo maana sikukuonyesha."

"Irudie," fundi akasema, na kusogeza kiti karibu.