Pikipiki Iliyopenda Kufia Usagara

Pikipiki ya Maige ilikuwa na mahali pake pa kufia. Haikufia Mkolani, haikufia Buhongwa, wala haikuwahi kufia mbele ya kanisa, mahali ambapo mtu angepata shahidi wa heshima. Ilingoja ifike Usagara, njia panda, ianze kukohoa, ijikokote kidogo, kisha izimike mbele ya kibanda cha Winnie, mjane kijana mwenye chapati laini na kicheko kinachosikika mpaka ng'ambo ya barabara.

Hapo Maige hushuka, huvua kitambaa cha tangi, hufungua kifuniko na kuchungulia. Petroli imo. Hupiga kiki, wapi! Basi hukaa kwenye benchi katikati ya kelele za mabasi na wauza mayai, Winnie humletea chai, na chai ikiisha, kiki moja tu, pikipiki hiyo inaunguruma utadhani haikutenda kosa lolote.

Ilikuwa miaka ile chama cha ushirika kilipoacha kununua pamba peke yake, na kampuni za watu binafsi zikamwagika vijijini na mizani zao. Maige alikuwa mnunuzi wa kampuni mojawapo. Pikipiki alipewa mpya, na ikifika nyumbani Mkuyuni majirani walitoka kuitazama.

Mkewe, Prudencia, alikuwa mtu wa vitambaa. Redio ilivaa kitambaa, makochi yalivaa, jagi la maji lilivaa. Pikipiki ingebakije uchi? Aliifumia kitambaa cheupe chenye maua mekundu, kwa ndani akashonea nailoni ili petroli isikitie doa, na pembeni akapitisha lastiki kikabana tangi sawasawa. Maige alikionea fahari hasa. Akishaachana na lami pale Usagara alikikunja mkobani kisipate vumbi, na jioni alikivalisha tena akikaribia nyumbani, maana alimjua mkewe.

Maneno yalifika kupitia kwa Odeta, mwenzake Prudencia wa jumuiya ya kanisani.

"Mwenzangu, pikipiki ya mumeo imeoa Usagara."

Prudencia hakugomba. Kwake yeye, kutogomba ndiko kulikokuwa kubaya.

"Inazimika, mama Mbuke," Maige alijitetea kwa mkewe jioni. "Inazimika yenyewe."

"Kwa nini isizimike Buhongwa?"

"Hata mimi sijui."

"Mimi najua," alisema Prudencia. "Kesho tunakwenda wote."

Maige alishangilia moyoni. Mwenyewe akaone! Asubuhi waliondoka, kitambaa wakikiacha kwenye kamba kwa kuwa kilikuwa kimefuliwa jana yake. Wakapita Mkolani, wakapita Buhongwa, na kadiri Usagara ilivyosogea ndivyo injini ilivyozidi kuimba. Maige alipunguza mwendo, akaongeza, akapunguza tena. Aliisihi kimoyomoyo: kufa mama, kufa leo tu. Sijui kama kuna mwenye pikipiki mwingine aliyewahi kuomba dua ya namna ile. Injini haikukohoa hata mara moja, na walipofika kwenye kibanda, Winnie alipunga mkono wenye unga.

"Shemeji Maige! Leo unatupita? Na chai yako je?"

Jioni, Prudencia akichambua mchele, alitamka kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Meli ya kwenda kwetu Bukoba inaondoka Ijumaa. Sijaamua bado. Ila ujue ratiba naifahamu."

Maige alimpenda mwanamke yule kupita maelezo, na nyumba bila yeye hakuweza hata kuifikiria. Siku iliyofuata alikwenda kwa fundi Nkwabi, Nyamagana, karibu na soko, akavua kitambaa mapema kisishikwe kwa mikono yenye oili. Nkwabi akabadilisha plagi, akasafisha kabureta, akaiendesha mpaka Bujora na kurudi.

"Kaka, pikipiki haina ugonjwa," alisema. "Labda mgonjwa ni wewe."

Mafundi wote wakacheka. Maige nusura alie.

Ijumaa ilipita na Prudencia hakupanda meli, ila maongezi yalibaki ya chumvi na maji ya kuoga. Jumapili kulikuwa na komunio ya kwanza ya mtoto wa dada yake Maige, vijijini Misungwi, na kutokwenda kungeleta maswali. Prudencia akavaa gauni lake la bluu, akakipiga kitambaa pasi, akaivalisha pikipiki kwa mkono wake. Hasira zake hazikuwa na ugomvi na usafi.

Usagara, mbele ya kibanda cha Winnie, injini ikakohoa. Ikazimika.

"Umeona!" Maige aliruka chini. "Umeona mwenyewe?"

"Nimeona. Umejifunza kuizima."

Kibanda kilikuwa kimefungwa, Winnie yuko kanisani, na njia panda nzima ilikuwa kimya. Kwa mazoea tu Maige alivua kitambaa akafungua kifuniko. Safari hii hapakuwa na basi wala mpiga debe wa kumzibia masikio. Tangi likavuta hewa, fyuuu, ndefu, kama mtu aliyeibuka kutoka majini.

Maige alikigeuza kifuniko. Palikuwa na tundu dogo la kupumulia. Akakigeuza kitambaa, na pale kwenye nailoni, sambamba na tundu lile, palikuwa na kibonyeo cha duara kilichofyonzwa ndani. Hewa isipoingia, petroli haishuki, na pumzi iliyobaki tangini ilitosha kufika Usagara tu. Alielewa yote kwa pamoja: lastiki, lami, kamba ya nguo, hata Nkwabi na kicheko chake. Utetezi wake wote alikuwa ameushika mkononi.

Akainua macho. Prudencia alisimama juani, akiyatazama maua yake mekundu aliyoyafuma jioni baada ya jioni, macho yakimuuma.

"Ni plagi," Maige alisema.

Prudencia alisogea, akakichukua kitambaa, akakigeuza. Alikitia kidole kile kibonyeo. Akalitazama tangi, akamtazama mumewe.

"Plagi inakaa huku juu?"

"Na... na kabureta pia."

Prudencia akaanza kucheka, kwanza kwa pua, kisha akacheka mpaka akashika tandiko asianguke, na machozi yakamtoka kweli.

"Muda wote huu umeniambia kweli nikakataa," alisema, akimfuta Maige vumbi begani. "Leo umenidanganya mara moja tu, nimekuamini."