Sentimita Tano za Huruma

Mama Dancille alikuwa ameshona nguo Masisi-centre kwa miaka ishirini na miwili, na kwa miaka hiyo yote hakuwahi kumwambia mteja ukweli juu ya kiuno chake. Katika mambo mengine hakuwa mwongo. Aliungama kila mwezi, na mabaki ya kitambaa cha kikwembe aliyarudisha hata kama yangetosha kofia ya mtoto. Lakini mtu mzima anaposimama mbele ya fundi, ameingiza tumbo na kukazia macho dari, kumsomea namba iliyo kwenye mètre, ule utepe wa kupimia, aliona ni ukatili. Basi kwa mdomo alipunguza sentimita tano, halafu akakata kitambaa kwa namba ya kweli aliyobaki nayo kichwani. Suruali ilikaa vizuri, mwenyewe akaondoka na furaha, na sifa za fundi zikafika mpaka Ngungu.

Siku moja Agathe, muuguzi wa kituo cha afya, alimjia na shida. Mradi wa kupima sukari ulikuwa umeleta mashine, vijiti vya damu na fomu zenye nafasi ya kuandika mzunguko wa tumbo, ila mètre haikuletwa hata moja. Tena akina mama hawakupenda kushikwa tumbo na mtu wa hospitali. Mikono ya Dancille walikuwa wameizoea.

Kazi ikafanyika Jumamosi mbili katika chumba cha parokia. Watu walikuja asubuhi bila kula. Agathe aliinamia vidole na damu, na Dancille alizungusha mètre usawa wa kitovu akitaja namba. Kwenye fomu aliona mpaka umeandikwa kwa rangi nyekundu: tisini na nne kwa wanaume, themanini kwa wanawake. Watu walikuwa kwenye mstari, masikio wazi. Kumpitisha mtu mpaka mwekundu mbele ya parokia nzima aliona ni kumwaibisha bure. Papa Mbonigaba, katekista mwenye ng'ombe kumi na nne na tumbo lililomtangulia mlangoni, alihitaji huruma ya sentimita kumi. Akaandikwa tisini na tatu.

Agathe alipojumlisha fomu alishangaa. Watu kumi na tisa walikuwa na sukari ya juu, na hakuna hata mmoja aliyevuka mpaka. Akaandikia msimamizi wa mradi, naye akajibu siku ileile kwa furaha: huenda Masisi kuna kisukari kisichofuata tumbo. Angekuja mwenyewe, na wataalamu wawili, kuwachunguza watu hawa wa ajabu.

Vijiti vichache vilikuwa vimebaki, na Dancille akatoa kidole chake kwa mchezo tu. Mia moja themanini na sita. Kesho yake asubuhi, nyumbani kwake kabla ya chai, mia moja sabini na tisa; kisukari kinaanzia mia moja ishirini na sita.

"Mashine iko na makosa," alisema. "Angalia mikono yangu. Miguu iko kama ya kuku. Sukari iko ugonjwa ya batu banene."

Agathe alimweleza polepole. Mafuta yaliyo chini ya ngozi, ya makalio na mapaja, hayana fujo sana. Yenye fujo ni yale yanayokaa ndani ya tumbo, kwenye ini na kuzunguka utumbo, na mtu mwenye mikono myembamba anaweza kuwa nayo. Insulini inaamrisha misuli na ini vichukue sukari kutoka kwenye damu. Mafuta hayo yakizidi, misuli na ini vinaacha kutii. Kongosho inatengeneza insulini nyingine, na nyingine, mpaka inachoka.

"Njo maana banatuomba mupimo ya tumbo," alimaliza. "Lete mètre, nikupime."

Dancille hakuwa amejipima tangu kitindamimba wake azaliwe, na huyo sasa alikuwa amemaliza sekondari. Nguo zake mwenyewe alizikata kwa macho, pana.

"Tisini na saba," Agathe alisema.

"Andika tisini na mbili."

Neno lilitoka kabla hajafikiri. Agathe aliinua kichwa kutoka kwenye fomu.

"Mama Dancille. Na ya bale bengine?"

Dancille akasema yote. Agathe hakugomba. Alikaa kwenye kiti cha cherehani, akasema tu kwamba msimamizi alikuwa ameshaanza safari.

Walianza na Papa Mbonigaba. Njia yote ya kupanda kilima Dancille alipanga maneno ya kuomba radhi. Walimkuta anamimina maziwa, Dancille akampima upya na kusoma namba huku ameinamisha macho: mia moja na tatu. Mzee akaomba arudie. Kisha akatabasamu.

"Na Papa Nzabandora?"

Agathe alisema namba ya mfugaji mwenzake ni siri.

"Hawezi kunipita," alisema Mbonigaba kwa utulivu. "Mulikuwa munaficha hii kwa sababu gani?"

Ilichukua saa nzima kuigeuza namba ile kutoka sifa kuwa ugonjwa. Alipoambiwa kwamba kiu yake ya usiku na ganzi ya miguu ni vya sukari, akaweka kibuyu chini.

"Ndugu yangu mukubwa balimukata muguu kule Rubaya," alisema. "Sisi tulisema ni sumu ya jirani. Huyo jirani hatumusalimiaka mpaka leo."

Msimamizi alikuja, akakuta kisukari cha kawaida kinachofuata tumbo, akala jibini na kurudi amenuna.

Dancille alianza vidonge. Aliacha soda za sukre na vijiko vinne vya sukari kwenye chai, akapunguza mandazi. Kambini Lushebere, alikokuwa akienda kwa pikipiki kuwashonea akina mama waliohamishwa, akaanza kwenda kwa miguu. Namba za wateja sasa alizisoma kama zilivyo, na kadhaa wakamkimbia, wakahamia kwa fundi mwingine mwenye mètre ya upole. Baada ya miezi saba kiuno kilikuwa themanini na tisa na sukari mia moja kumi na mbili. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, na watu wakaanza kunong'ona kwamba ana ugonjwa mkubwa.

Jumapili moja Papa Mbonigaba, ambaye mkanda wake ulikuwa umeongezwa matundu mawili ya kukaza, alisoma nia za misa zilizoletwa na kikundi cha akina mama. Tumwombee dada yetu Dancille, ambaye mwili wake unaisha. Akasita, akamwangalia, akamalizia karatasi. Kanisa zima likaitikia, na Dancille akaitikia pamoja nao, kwa sauti ya kusikika.