Kadi ya Dundu wa Kijani

Ua ndilo lililowaponza. Lilikuwa jekundu, la mviringo, limechomoza peke yake kwenye udongo bila hata jani moja, na Tabitha alipoliona ng'ambo ya korongo alisahau ratiba. Siku tano nzima walikuwa wakipiga picha za wadudu na maua ya asili upande wa mashariki wa hifadhi. Ng'ambo ya korongo haikuwa kwenye ratiba hata kidogo.

Danford, mtaalamu wa wadudu aliyeletwa kutoka Dar es Salaam, alivuka bila kuuliza. Selestine, askari wa hifadhi aliyekuwa akiwasindikiza na bunduki yake, akavuka nyuma yao akinung'unikia viatu vilivyoloa.

Walilipiga lile ua picha kila upande. Hatua kumi mbele yake Danford akasimama ghafla, kisha akalala kifudifudi kwenye nyasi, mtu mzima na kitambi chake.

"Tabitha, njoo taratibu," alisema kwa sauti ya kanisani. "Huyu simjui. Miaka kumi na minne ya kazi hii, huyu simjui."

Alikuwa dundu mwenye mgongo wa kijani unaometa, na kichwani pembe moja ya rangi ya shaba iliyopinda kwa nyuma. Tabitha akapiga goti, akaweka jicho kwenye kamera. Hakuwa akimwona dundu tena. Alikuwa anaona mavi ambayo dundu ameyakalia.

Yalikuwa mabichi, ya asubuhi ile, na yalikuwa ya ng'ombe. Binti aliyeanza kukandika nyumba ya mama yake akiwa na miaka saba haambiwi mavi ya ng'ombe ni yapi. Na kama hiyo haikutosha, pembeni ulikuwa umetokeza uzi wa bluu wa kiroba. Mama yake huwapa ng'ombe pumba kwenye viroba vya bluu, na yule ng'ombe wao mweusi hajawahi kukiona kiroba akakiacha salama.

Mzee Nchagwa, baba yake, hakuwa na pensheni wala duka. Alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja, basi. Ng'ombe akikamatwa ndani ya hifadhi harudi nyumbani. Na aliyekuwa akiwachunga kiangazi hiki chote, nyasi za kijijini zilipokwisha, ni Mniko, kaka yake Tabitha, mume wa Eunice na baba wa watoto wawili.

Kibaya zaidi, Tabitha mwenyewe ndiye aliyemfungulia njia. Jumapili, wakiwa wanakula, alisema kama stori tu kwamba wiki hii wao wako mashariki, huku ng'ambo hakuna mtu. Mniko akaendelea na ugali wake. Baadaye akauliza tena, mashariki kweli? Tabitha akajibu ndiyo, akajifanya haelewi kwa nini ameulizwa mara mbili.

Alinyoosha kidole, akauchomoa ule uzi kama anayeondoa uchafu, akautia mfukoni. Kisha akapiga picha.

Ikaja zamu ya kadi. Danford alikuwa na utaratibu wake: kila picha na kadi yake, na kwenye kadi lazima iandikwe mdudu amekutwa juu ya nini.

"Juu ya nini?" akauliza.

"Mavi ya nyati," alisema Tabitha, akaandika hivyohivyo. Danford akaitikia kwa kichwa. Angeweza kukutajia kila unywele kwenye mguu wa dundu, lakini kwa mavi alikuwa mgeni kabisa.

Selestine, aliyekuwa amesimama mbali kidogo juu ya kichuguu akiwalinda, akageuka. "Umesema nyati?"

"Mavi ya leo hii," Danford akajibu kwa fahari, kana kwamba ni ya kwake.

"Basi ndiye huyo." Selestine akachomoa redio ya upepo kiunoni.

Hapo Tabitha akakumbuka. Nyati alikuwa amemjeruhi mzee mmoja karibu na kijiji cha Natta wiki iliyopita, na kwa siku nne doria ilikuwa inamsaka imuue. Habari hiyo kila mtu aliijua. Yeye pia aliijua, ila hofu ilikuwa imeifuta kichwani.

"Doria, yule nyati yuko korongoni kwetu," Selestine alisema. "Mavi mabichi. Angalieni kile kichaka kikubwa cha chini."

Redio ikakoroma. "Tuko hapa juu yake. Tunaona majani yanatikisika."

"Msisubiri atoke. Akitoka huyo ni msiba. Pigeni humohumo."

Tabitha alijua mchana Mniko huwaficha ng'ombe kichakani na kulala katikati yao. Alijua, na bado kwa pumzi mbili tatu aliwaza ng'ombe: sura ya baba yake mbele ya zizi tupu. Kwa pumzi hizo hakuja kujisamehe.

"Afande, waambie wasipige."

"Kwa nini?"

Akatoa uzi mfukoni, akamfuata Selestine kichuguuni, akauweka kwenye kiganja chake. "Siyo nyati. Ni ng'ombe wetu. Na humo ndani kuna kaka yangu."

Selestine alikuwa mtoto wa kijiji cha Susuni, amekua nyuma ya ng'ombe. Aliutazama uzi mara moja tu. "Acha! Msipige, shusheni silaha. Kuna mtu humo. Anaitwa Mniko, mwiteni."

Wakasikia kwenye redio askari wanaita. Mniko. Wewe Mniko. Hakuna aliyejibu. Mtu aliyeingiza ng'ombe hifadhini hajibu askari wakimwita kwa jina. Anakimbia.

"Majani yanatikisika tena," sauti ilisema, na ilikuwa sauti ya mtu mwenye woga. "Una hakika ni mtu?"

"Nipe hiyo," alisema Tabitha. Selestine akampa redio. "Ongezeni sauti huko, elekezeni redio kichakani," Tabitha akawaambia askari. Kisha akazungumza kwa Kikurya, polepole, kama anavyosema na watoto wa Eunice wakipanda juu ya mti. "Mniko, ni mimi. Usikimbie. Inua mikono utoke. Wana bunduki, na wanadhani wewe ni nyati."

Danford alikuwa bado amelala kwenye nyasi, mdomo wazi, haelewi neno.

Kisha ikaja kwa mbali, kwa Kikurya, sauti ya kaka yake. "Ni wewe umewaambia?"

Angeweza kusema walijua wenyewe. "Ni mimi," alisema.

"Ametoka," hatimaye askari akasema. "Mzima. Na ng'ombe wanatoka. Mmoja. Wawili. Watatu huyo, mweusi."

Tabitha akarudisha redio. Akaichukua kadi miguuni pa Danford, akalikata neno nyati kwa mstari, akaandika juu yake: ng'ombe. Kwenye redio hesabu ya ng'ombe ilikuwa imefika tisa.