Mkwaruzo Chini ya Kaa

"Vunja!"

"Sivunji."

"Nimesema vunja, we mkaidi!"

"Vunja mwenyewe, bwana. Nyundo hii hapa, shika."

Ksenodiko hakuishika. Ndiye msimamizi wa karakana yetu, mikono laini kama ya bibi harusi. Mpigaji ni mimi: naweka kidonge cha fedha kati ya mihuri miwili, nashusha nyundo, tai anatokea upande mmoja, kaa upande wa pili. Hela ya mji wetu, Akragasi, hiyo. Bandari yoyote ukiitoa, wakimwona yule kaa hawakuulizi mara mbili.

Ugomvi ulikuwa juu ya muhuri mpya wa kaa. Mzee Deinipo, mchongaji wetu, kamchonga siku kumi na tisa, halafu asubuhi hii, anamalizia mguu wa mwisho, tindo ikateleza. Chini ya kaa ukabaki mkwaruzo mrefu, umepinda. Na muhuri ukishachimbika umechimbika, hakuna cha kurudishia.

"Macho yamekwisha, mzee," Ksenodiko akamwambia. "Muhuri ukivunjwa, na wewe nenda nyumbani. Naleta fundi wa Sirakusa."

"Sirakusa!" nikacheka. "Wale wanaochonga farasi kama mbuzi?"

"Nyamaza wewe, hata jina lako huwezi kuliandika!"

Kweli siwezi. Lakini kaa nimewapiga tangu ndevu hazijaota, nawajua. Huyu wa Deinipo ukimtazama unaona ganda limelowa. Unataka kuondoa kidole asikubane. Nimvunje mimi? Thubutu.

Deinipo mwenyewe kaweka muhuri magotini, anapitisha ukucha kwenye ule mkwaruzo. Mwisho akasema, "Nipe mpaka saa sita."

"Ufanye nini? Uufute kwa mate?"

"Mpaka saa sita tu, bwana."

Hakufuta. Alichimba. Mkwaruzo akaupanua katikati ukapata tumbo, akaupasua mwishoni ukapata mkia, akadonoa tundu moja la jicho. Kwenye magamba akabana pumzi, na mimi nikabana yangu. Mzee huyu akishika kikombe cha divai anamwagia nusu mapajani. Akishika tindo, mkono hautikisiki hata chembe.

"Piga," akaniambia.

Nikapiga mara mbili. Nikaiokota hela ingali ya moto, nikatukana kwa raha. Samaki! Mnene, kapinda mgongo, kama ndiyo kwanza kachomoka kwenye gando la kaa.

Ksenodiko akaninyang'anya, akaipeleka mlangoni penye jua. Akaigeuza. Akaisogeza karibu na pua. Deinipo alishaanza kufunga tindo zake kwenye ngozi, moja moja, hamwangalii mtu.

"Huyu samaki," Ksenodiko akasema, "ana mpaka mapezi."

"Anayo," mzee akajibu.

"Hebu acha kufunga hivyo vitu. Na we mkaidi, nyundo hiyo ni ya kupigia au ya kuegemea?"

Halafu, badala ya kuirudisha hela kwenye sinia, akaitia mdomoni, shavuni, tunakobebea hela sote, kama mtu anayekwenda sokoni kununua jibini.

"Bwana!" nikapiga kelele. "Hiyo mali ya mji!"

Shavu limemvimba. Akanipa mgongo, akaenda zake.