Nywele za Mzee

Mtoto alitimiza miezi kumi na minne kichwa kikiwa kitupu kama kiganja, ndiyo maana nyumbani wakamwita Mzee, ingawa alikuwa msichana. Mama yake alikuwa mpiga pasi katika kiwanda cha nguo. Alisimama kutwa, kwa kuwa msimamizi hakutaka kuona kiti, kisha akarudi nyumbani akasimama tena, jikoni na kwenye beseni la nguo.

"Hivi unampaka mafuta kweli?" mama mkwe aliuliza, yeye akiwa ameketi.

"Nampaka, mama."

Kliniki, muuguzi alimpapasa Mzee utosini. "Mzima kabisa huyu. Wengine nywele huchelewa tu. Wewe unaketi saa ngapi kwa siku?"

Mpiga pasi alifikiri mpaka foleni nyuma yake ikaanza kuguna. Muuguzi akaandika kwenye kadi: *Nywele huota mama akiketi.* "Watoto wa wapiga pasi wote ndivyo walivyo," alisema, akaita mwingine.

Alhamisi asubuhi mpiga pasi aliteleza kwenye ngazi, kifundo cha mguu kikavimba, akaambiwa aketi siku nne. Kufika adhuhuri Mzee alikuwa na vinywele. Jioni nywele zilifunika masikio. Jumapili zilifika mabegani, nyeusi tititi, na mume akaenda kununua kitana kikubwa zaidi. Mpiga pasi alimsuka binti yake polepole, mstari kwa mstari. Hakukumbuka lini mara ya mwisho alimaliza jambo bila kuitwa.

Jumatatu alimpelekea msimamizi ile kadi. Msimamizi aliisoma mbele na nyuma.

"Hongera," alisema. "Lakini nikikupa wewe kiti, wote watataka watoto wao waote nywele."

Alisema hivyo kwa upole, na mpiga pasi akashika pasi yake. Nywele za Mzee zikasimama pale pale mabegani.

Jioni ile mguu ulimuuma, akajiegesha kwenye kochi. Kichwani kwa Mzee mistari ya msuko ikaanza kulegea, nywele mpya zikichomoza chini yake. Mama mkwe alisogea, akazipima kwa shubiri yake, akaridhika.

"Zimetosha hizo mwanangu," alisema. "Zikizidi zitamsumbua. Inuka, utuwekee maji ya chai."

Mpiga pasi akainuka.