Mkono wa Baba Mkwe

Karatasi sita zilikuwa ndani ya kofia ya daktari, na Sekela akatoa ile moja ambayo hakupaswa kuitoa. Aliifunua, akasoma: Asukile wa Mbeya, kitanda cha tisa, kiharusi, mkono wa kulia. Akaikunja upesi, kama mtu aliyefunua chungu cha jirani.

"Umempata nani?" akauliza mwalimu wake, Mama Vikapu.

"Baba mkwe wangu, Misi."

"Ah, vizuri! Basi mnafahamiana."

Kumbe ndiyo shida yenyewe. Miaka minne Sekela alikuwa mke wa Fanueli, mtoto wa mzee yule, na hajapata kumwona uso. Kwao Unyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe, hamsemeshi, wala hapiti njia anayopita yeye. Akimsikia anakuja, hujitupa migombani akajifunika nguo mpaka apite. Wenyewe huita kutila, yaani kuogopa kwa heshima. Mchungaji alihubiri mara mbili kwamba Mkristo hana haja na mambo hayo, na Asukile, mzee wa kanisa, aliitikia amina mara zote mbili. Kisha alirudi nyumbani, akakohoa tangu mbali ili wake za wanawe wapate muda wa kukimbia.

Mwaka ule ulikuwa wa 1957. Hospitali ya misheni, juu ya kilima pale Iringa, ilikuwa na mwalimu Mwingereza wa kazi ambayo hata jina lake liliwachekesha watu: tiba ya kazi. "Mtu mgonjwa, halafu umpe kazi? Si umzike tu!" walisema watu wa kule mtaani Kihesa. Yeye hakujali. Aliwapa waliopooza ukindu wasuke, na mahindi wapukuchue, mpaka vidole vikakumbuka vilikotoka. Ndipo wakamwita Mama Vikapu. Sekela alimsaidia miaka miwili, usiku akisoma kitabu kinene cha Kiingereza chenye picha za mifupa. Sasa chuo kimoja cha Uingereza kilikubali kumpokea mwanafunzi mmoja tu kutoka Tanganyika, miaka mitatu, atoke huko na shahada ya kazi hii. Mama Vikapu angepeleka jina la Sekela, kwa sharti moja. Atwae mgonjwa mmoja kwa kura, asije akajichagulia aliye mwepesi, na baada ya wiki sita amrudishe kwenye kazi moja ya kwao. Mgeni angetoka Dar es Salaam kuja kutazama.

"Misi, naomba nitoe karatasi nyingine," Sekela akasema, na akaeleza yote.

Mama Vikapu alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. "Mwanangu, huko uendako utawashika wezi na mapadri. Ukiniambia kuna mkono mmoja duniani usioweza kuushika, mimi nitaandika nini kwenye barua?"

Jioni Sekela alimkabili mumewe, aliyekuwa karani wa ghala la tumbaku. "Ulimwambia nini baba yako alipopanda basi kuja huku?"

Fanueli akakuna kichwa. "Nilimwambia unafanya kazi wodi ya wanawake. Angejua ukweli asingetoka Mbeya. Na mkono wake ungekauka kule kule."

"Na sasa?"

"Sasa fanya usionekane. Si una akili wewe? Hizo ndizo zilizonifanya nitoe ng'ombe."

Basi Sekela akatumia akili. Kwenye kitanda cha nane, jirani na cha mzee, alilala Saulo, fundi mwashi wa Kihesa aliyeanguka kutoka kwenye kiunzi na kuvunja mguu. Mguu ulikuwa ndani ya plasta, lakini mikono yake ilikuwa mizima na mdomo wake mzima zaidi. Sekela alitundika blanketi kati ya vitanda viwili, akaketi upande wa Saulo, mgongo kwenye blanketi, akanong'ona haja yake.

"Yaani mimi niwe mikono yako?" Saulo akauliza.

"Na macho yangu."

"Ninyi Wanyakyusa mna mambo! Sisi Wahehe baba mkwe tunamwogopa akiwa na mkuki tu." Lakini alichukua magongo yake, akaruka-ruka kwa mguu mmoja hadi kitanda cha tisa. "Kamwene, mzee! Nimeletwa nikusumbue."

Siku zikaenda hivyo. Sekela hakumsemesha mzee hata neno; aliisemesha wodi. "Leo Saulo atashika kiwiko cha mgonjwa kwa mkono wa kushoto," aliuambia ukuta, "atainua polepole mpaka usawa wa bega, atahesabu kumi." Saulo aliinua, akahesabu, na akiwa amechoka aliruka kutoka sita hadi tisa. "Mkono unakujaje?" Sekela aliuliza. "Kama mlango wenye kutu," Saulo alijibu. Kesho yake: "Kama mlango uliotiwa mafuta kidogo."

Kazi ya mzee kwao ilikuwa ng'ombe. Wanaume ndio wakamuao kule, na Asukile alikamua tangu akiwa mtoto mpaka asubuhi ile alipoangukia ndoo yake ya maziwa. Sekela aliomba glavu ya mpira iliyochakaa, ile ya chumba cha upasuaji, akaijaza maji, akafunga shingo yake, akatoboa ncha za vidole kwa sindano. Saulo akaitundika kwenye kamba mbele ya mzee, na beseni chini yake.

Wodi nzima ilikufa kwa kicheko. "Ng'ombe wa hospitali huyo! Anazaa lini?"

"Kitendawili!" Sekela akapaza sauti kutoka nyuma ya blanketi, kama anayejisemea tu.

"Tega!" wakaitikia wagonjwa.

"Kisima changu hakitoi maji mpaka nikikabe koo."

Watu walikuwa wangali wakifikiri ndipo likasikika jibu, zito na la pembeni mwa mdomo, kutoka kitanda cha tisa: "Chuchu ya ng'ombe." Na mara baada ya jibu, tone moja la maji likaanguka kwenye beseni. Ti.

Sekela alijiziba mdomo kwa khanga.

Kufika wiki ya tano matone yalikuwa uzi. Kidole cha shahada na cha kati vilikaba, vikaachia, vikakaba tena. Lakini Saulo alianza kulalamika. "Huku kwenye kiwiko na bega sawa. Ila nikimshika hapa chini anakunja uso."

"Hapa chini wapi?"

"Hapa. Kwenye... mimi fundi wa matofali, mama, sijui panaitwaje."

"Pamevimba?"

"Pamevimba kidogo. Au ndivyo alivyo. Mimi mkono wake wa zamani sikuujua."

Sekela alikigeuza kitabu chake usiku kucha, akatazama picha za kiganja, na asubuhi akauambia ukuta jambo hili na lile. Kutazama picha si kushika, nalo alilijua.

Siku moja kabla ya mgeni kufika, mzee mwenyewe alisema, bila kuulizwa: "Kitendawili."

Wodi ilishtuka. "Tega, mzee!"

"Ndege wangu namsikia kila siku akiimba, manyoya yake sijayaona."

"Redio!" akasema mmoja.

"Tumbo lenye njaa!" akasema Saulo. Watu wakacheka.

"Mji mmenipa?"

"Twakupa Mbeya yote!"

Mzee alikamua glavu yake mara mbili, tatu. "Mkamwana," akasema.

Wodi haikucheka. Nyuma ya blanketi machozi yalimshuka Sekela. Kumbe alijua. Alijua tangu siku ya kwanza, na alikubali, maadamu blanketi lipo. Hakuna heshima aliyowahi kupewa iliyozidi ile.

Mgeni alifika saa nne asubuhi, mama mrefu mwenye kalamu mbili mfukoni. Alisimama mbele ya kitanda cha tisa, akamtazama mzee akikamua, akatabasamu. Mama Vikapu aling'aa kama sahani.

"Nani amefanya hivi?" mgeni akauliza kwa Kiswahili cha kitabuni.

"Sekela."

"Yuko wapi?"

Wote wakatazama blanketi. Mgeni alifuata macho ya watu, akashika pindo la blanketi, akalivuta. Sekela alijitupa chini, akajifunika khanga kichwani. Mzee Asukile aligeukia ukutani.

Walizungumza kwa Kiingereza, Mama Vikapu akieleza, mgeni akitikisa kichwa, bila ukali. "Naelewa desturi," akasema hatimaye kwa Kiswahili. "Lakini nimeona kazi ya fundi wa matofali. Nataka kuona mikono ya huyu dada. Amshike mgonjwa, amnyooshe mkono. Dakika mbili zinatosha."

Mama Vikapu aliinama penye khanga. "Sekela. Dakika mbili, mwanangu. Miaka mitatu kwa dakika mbili."

Saulo akasema kwa sauti ndogo, mara hii bila mzaha: "Mama, usifanye."

Sekela alibaki pale sakafuni. Aliwaza akina mama wa kwao wenye mikono iliyokunjamana, ambao hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba mkono hufundishika. Nani atawarudia, asipokwenda yeye? Akasimama. Akajongea kinyumenyume hadi penye kitanda, uso ndani ya khanga, akanyoosha mkono, akaushika mkono wa baba mkwe wake.

Ulikuwa mwepesi, mkavu, wenye joto. Na papo hapo vidole vyake vikamwambia kile ambacho Saulo hakuweza kumwambia wiki zote zile: kifundo cha mkono kilikuwa kimejifunga. Mshipa mmoja ulikaza kama kamba ya hema. Kila tone la maji lililoanguka kwenye beseni lilikuwa limeuvuta zaidi. Angeushika siku ya kwanza, angejua siku ya kwanza.

"Mwambie akaze vidole," mgeni akasema.

"Kaza... mgonjwa akaze vidole," Sekela akauambia ukuta.

Vidole havikukaza. Mkono ulilala mkononi mwake kama kitambaa kilicholowa. Mzee hakumpiga kelele, hakumlaani. Alilia tu, uso ukutani, mabega yakitikisika, mtu wa miaka sabini mbele ya wodi nzima. Mgeni alingoja dakika zake mbili, akaandika, akafunga kalamu.

Siku ya pili Asukile alimwita mwanawe, akamwambia apelekwe nyumbani. Mama Vikapu alikuja na glavu mpya, ya kwenda nayo. Mzee aliiacha kitandani. Fanueli alimsindikiza Mbeya kwa basi, na aliporudi baada ya siku nne alimkuta mkewe jikoni.

"Hajambo?"

"Mkono umekunja ngumi. Mama anamlisha." Fanueli aliketi. "Ameniambia nisikulaumu. Amesema lawama ni yangu, nilimdanganya. Lakini amesema pia tusimpelekee salamu kwa muda."

"Muda gani?"

"Hakusema."

Barua kutoka Dar es Salaam ilifika mwezi wa Septemba. Nafasi alipewa kijana mmoja wa Moshi. Mama Vikapu aliisoma mara mbili kana kwamba maneno yangebadilika, akaikunja. Mkataba wake mwenyewe ulikuwa unakwisha Desemba, na hakuna aliyetajwa kuja mahali pake.

"Nafasi nyingine, Misi?"

"Ilikuwa hiyo moja, Sekela."

Kitabu kinene alikirudisha mwenyewe ofisini. Kazi hakuiacha. Wiki ile ile aliletwa mwanamke wa Kihesa, Evarista, aliyeungua kiganja kwa uji wa pombe. Sekela alikaa mbele yake, ana kwa ana, akaushika mkono wake, akaanza kukunjua kidole kimoja kimoja, taratibu, kama alivyofundishwa. Kidole cha kwanza kilitii, cha pili kikatii nusu.

"Na hiki kidole gumba, mwanangu?" mama yule akauliza. "Kimeshikana na kiganja. Bila hiki sishiki jembe."

Sekela alikigusa, akakizungusha huku na huku. Hakuwa amefika hapo katika masomo yake.

"Hicho sijui, mama," akasema.