Mkono wa Selestina

Selestina wangu alifikia umri wa kwenda shule bila kusema neno, na yeyote aliyemshika ghafla aliumwa meno. Shule ya kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Msowero, ilikubali kumjaribu hadi likizo kwa sababu Bibi Hildegarda, afisa ustawi wa jamii, alitoka Kilosa akatugawia kazi. Yeye apange, mganga msaidizi apime masikio, Mwalimu Thadeo afundishe. Nikauliza mimi nifanye nini. Akasema mama ni mama. Nina diploma ya kilimo. Sijazoea kukaa mkutanoni bila kazi. Nilikubali kwa ajili ya mtoto.

Tulianza na salamu, maana huku mtoto asiyeamkia wakubwa huhesabiwa hana mama. Tulikubaliana aweke mkono kichwani pake mwenyewe, mkubwa aitikie marahaba, asimguse. Jioni nilimzoeza kwa jirani, Mzee Kondo. Kufikia mavuno alikuwa akiwatafuta wazee awaamkie.

"Huyu ananiamkia kuliko wajukuu zangu wenye midomo," Mzee Kondo alisema.

Kisha katibu kata akaja kutembelea shule. Selestina akaweka mkono kichwani, akangoja. Mgeni hakuitikia. Alimgeukia Thadeo.

"Mwalimu, hawa huwafundishi adabu?"

Thadeo alijua makubaliano yote. Sentensi moja ingetosha. Badala yake alimkamata Selestina shingoni, akamwinamisha.

"Sema shikamoo."

Akaumwa kidole.

Kikao kikaitwa. Bibi Hildegarda alisema mpango wake ulikuwa sahihi. Mganga alisema masikio ni mazima. Thadeo, kidole kimefungwa bendeji, alisema kumweleza kiongozi ni kazi ya ustawi. Hildegarda akajibu kwamba ndani ya shule ni kazi ya mwalimu.

"Basi siku ile nani alipangiwa kumtetea mtoto?" nikauliza.

"Mama, usituvurugie kikao," alisema Hildegarda.

Waliafikiana kwamba Selestina akae nyumbani. Kwa hilo hawakubishana.

Alikuwa akinisubiri nje. Walipotoka aliweka mkono kichwani. Mganga alipita, Hildegarda alipita akitafuta dereva wake, Thadeo alizunguka upande wa pili. Gari la Kilosa liliondoka, mkono bado uko juu. Nikaushusha mimi.

Hajaupandisha tena, hata kwa Mzee Kondo.